Mpini wa Kisu Chako Umetoka Wapi?

Ndugu msomaji, chukua kisu chako ukitazame. Usitazame makali. Tazama mpini. Je, ni mti? Ni pembe? Ni mfupa? Au ni kitambaa na mpira wa baiskeli uliozungushiwa chuma kitupu?

Katika vijiji ninavyotembelea naona visu vizuri vyenye mipini mibaya. Chuma ni kizuri. Mhunzi amekifua kutoka springi ya gari, nacho kinakata vizuri. Lakini mpini ni gunzi la hindi. Gunzi linafaa kwa siku moja. Siku ya pili limelowa, siku ya tatu linazunguka. Mwenye kisu anasema, "Hiki ni kitu kidogo, nitakitengeneza kesho." Msimu unapita, gunzi ni lile lile.

Mpini mbaya si kitu kidogo. Mtu anachuna mbuzi. Mkono wake una damu na mafuta. Mpini unazunguka, makali yanageuka, yanaingia kiganjani. Mwingine ana kisu cha kukunja ambacho pini yake imelegea. Anakata kamba ya mzigo, kisu kinajifunga juu ya vidole vyake. Kisu hicho kilikuwa zizini asubuhi. Jeraha lenye udongo na kinyesi cha mifugo linaweza kuleta pepopunda. Ukijikata hivyo, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo ukaulizie sindano ya kinga.

Makala hii inaeleza vitu vya asili vinavyofaa kutengeneza mipini ya visu, hasa visu vidogo vya mfukoni. Vingi viko karibu na nyumba yako. Vingine vimekatazwa na sheria. Kimoja, usipokuwa mwangalifu, kinaweza kukuua.

KISU CHA MFUKONI SI KITU KIPYA

Watu wa nchi nyingi wana kisu chao cha mfukoni, na kila mahali mpini ulitokana na kile kilichokuwepo. Huko Ufaransa, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka 1890. Mpini wake ni kipande kimoja cha mti kilichopasuliwa ufa kwa msumeno. Makali hulala ndani ya ufa huo. Mahali pengine Ufaransa, katika mji wa Laguiole, wafugaji walitumia pembe za ng'ombe wao. Hawakwenda mbali. Ng'ombe walikuwa wao, na pembe zilikuwa zao.

Hapa kwetu wazee wengi wanakijua kisu kiitwacho Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani hapa Afrika. Mpini wake ni wa mti, na nyuma yake kuna pete ya kuvuta ili kukifunga. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Lakini kuna habari nyingine ya mipini ambayo si nzuri. Katika karne ya 19 mafundi wa visu wa mji wa Sheffield, Uingereza, walipenda sana kutengeneza mipini ya pembe za ndovu. Nyingi ya pembe hizo zilitoka katika bara letu. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo. Kutoka hapo zilivuka kwenda Zanzibar, soko kubwa la pembe katika Afrika Mashariki. Tembo waliuawa kwa maelfu ili watu wa mbali wapate mipini ya visu vya mezani, vibao vya piano na mipira ya kuchezea.

Faru naye aliuawa kwa sababu ya mpini. Kule Yemeni wanaume huvaa jambia kiunoni. Mpini wa pembe ya faru ulikuwa fahari kubwa. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walifanya kazi Saudi Arabia, wakapata fedha za mafuta, na wengi wao walitaka jambia la namna hiyo. Mwaka 1970 faru weusi katika Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki pungufu ya 2,500. Pembe nyingine zilikwenda Asia kufanywa dawa, lakini mpini wa jambia ulikuwa sababu moja kubwa. Yemeni ilikataza kuingiza pembe za faru mwaka 1982. Biashara ya pembe za ndovu ilikatazwa na mataifa katika mkutano wa mwaka 1989, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba hivyo.

Sheria yetu ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa na pembe, jino, mfupa au ngozi ya mnyama wa porini bila kibali. Hata ukiiokota pembe ya nyati njiani si yako. Usiiweke nyumbani ukisema utaifanyia mpini baadaye. Toa habari kwa ofisi ya kijiji au kwa askari wa wanyamapori. Nasema hivi kwa sababu wako watu wanaodhani kosa ni kuua tu. Kuweka nyumbani pia ni kosa.

Basi tuache wanyama wa porini. Tunao miti, ng'ombe na mbuzi. Vinatosha.

MITI INAYOFAA

Mti wa mpini uwe mgumu, uwe mkavu, na nyuzi zake ziende kwa urefu wa mpini. Nyuzi zikikata upande, mpini utapasuka siku utakapoukandamiza. Jaribu kwa ukucha. Bonyeza ukucha kwa nguvu juu ya kipande kikavu. Ukucha ukiacha alama kwa urahisi, mti huo ni laini mno.

Mpingo ndio mti unaosifiwa kuliko yote. Sehemu yake ya ndani ni nyeusi, nzito, na huzama ukiitia majini. Hainywi maji upesi, kwa hiyo inawafaa wavuvi. Lakini mpingo hukua polepole sana. Mti wa kutosha mbao unaweza kuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Pia ni mti unaolindwa na sheria. Huruhusiwi kuukata bila kibali, hata kama umesimama karibu na shamba lako. Mtu anayeangusha mpingo mzima ili apate mipini sita anaharibu mali ya wajukuu wake.

Hakuna haja ya kuangusha mpingo. Wachongaji wa vinyago hutupa mabaki mengi. Mpingo unaopelekwa Ulaya kutengenezwa zumari na vyombo vingine vya muziki nao huacha vipande vingi kiwandani, kwa sababu kipande chenye ufa mdogo hakifai kwa muziki. Kipande kisichofaa kwa zumari kinaweza kufaa kwa kisu. Mpini wa kisu cha mfukoni unahitaji kipande chenye urefu wa sentimita 12 tu. Nunua mabaki hayo kwa mtu mwenye kibali. Chagua sehemu nyeusi. Ile nyeupe ya nje huliwa na wadudu. Unapoukata au kuusugua, funika pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kukera kifua.

Mkwaju nao ni mzuri. Moyo wake ni mgumu sana, ndiyo maana watu huutumia kwa vinu na michi. Mkole hunyumbuka bila kukatika, na wafugaji wanaujua kwa fimbo na rungu. Mninga ni mwepesi kuliko hiyo, lakini ukikauka hautanuki wala kusinyaa sana. Kwa kisu cha jikoni unafaa.

Sasa tazama miti uliyoipanda mwenyewe. Mpera! Watu hula mapera na matawi makavu huyatia jikoni. Tawi la mpera lenye unene wa kifundo cha mkono ni gumu, lina nyuzi zilizoshikana, na hutoa mpini mzuri wa kisu au nyundo. Mchungwa, mlimau na mdimu pia ni migumu na laini kuisugua. Wakulima wa kahawa nao wana hazina. Wanapong'oa mibuni mizee, mashina huwa kuni. Shina la mbuni ni gumu na lina rangi nzuri ya maziwa ya moto. Mimi napenda mpera kuliko yote, kwa sababu haugombanishi mtu na sheria na huchipua tena ukikata tawi.

Msonobari, mwembe na mgrevilea havifai kwa kisu kinachofanya kazi nzito. Usitumie mti wowote usioujua kwa kisu cha chakula. Iko miti yenye sumu, na mmoja wao ndio unaotoa sumu ya mishale.

Kukausha ndiyo kazi inayowashinda wengi. Mti mbichi ukifanywa mpini leo, baada ya mwezi umesinyaa na kisu kinacheza. Pasua tawi katikati kwa urefu, ili kiini kile kilaini cha katikati kiondoke. Kata vipande virefu kidogo kuliko mpini. Paka nta, rangi au udongo wenye samadi kwenye ncha zote mbili. Mti hutoa maji upesi kupitia nchani, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Weka vipande kivulini penye upepo, usiviweke juani wala darini juu ya moto. Vitakaa miezi 3 au zaidi. Mpingo hukawia kuliko mingine.

Utajuaje kuwa vimekauka? Peleka kipande kimoja dukani kikapimwe kwenye mizani. Andika uzito wake na tarehe. Rudi baada ya wiki 2, andika tena. Uzito ukiacha kupungua, kipande kimekauka. Hapa kujua kuandika kunakusaidia.

PEMBE YA NG'OMBE

Pembe ya ng'ombe ina vitu viwili. Nje kuna ganda gumu. Ndani kuna mfupa. Ganda ndilo tunalolitaka. Ganda hilo limejengwa kwa kitu kile kile kilichojenga ukucha wako na nywele zako. Ndiyo maana likiungua linanuka kama nywele zilizoungua. Ncha ya pembe haina uwazi, ni nzima yote, nayo inafaa kwa mpini wa kipande kimoja. Sehemu iliyo wazi hukatwa vibao viwili, kimoja kila upande wa kisu.

Kwanza toa mfupa wa ndani. Loweka pembe katika maji kwa wiki 2 au 3, mbali na nyumba, kwa sababu harufu ni mbaya. Kile kinachoshika mfupa huoza. Gonga pembe juu ya gogo, mfupa utatoka. Osha ganda kwa sabuni na ulianike kivulini mpaka likauke.

Vibao vya pembe huwa vimepinda. Kuvinyoosha, vitie katika maji yanayochemka kwa nusu saa, au vipashe juu ya makaa bila kugusa moto. Vikilainika, viweke haraka kati ya mbao mbili na uzikaze kwa jiliwa, au uweke jiwe zito juu yake. Viache mpaka vipoe kabisa. Ukivitoa vikiwa na moto vitarudi vilivyokuwa. Ukivipasha mno vitatoa mapovu na kugawanyika kama kurasa za daftari.

Baada ya hapo pembe hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa tupa na kusuguliwa kwa msasa. Unajua kwa nini karatasi ile ya dukani inaitwa msasa? Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza. Wazee waliyatumia kulainisha vinyago na mipini kabla ya karatasi kufika. Kama mti huo uko kwenu, majani yake makavu bado yanafanya kazi ile ile. Mwisho sugua kwa kitambaa chenye majivu laini na mafuta kidogo. Pembe itang'aa.

Pembe ina adui wawili. Wa kwanza ni jua kali. Kisu ulichokiacha juani shambani siku nzima kitapasuka mpini. Wa pili ni wadudu. Wako wanaokula pembe kama wanavyokula ngozi. Kisu kinachotumika kila siku hawakisumbui. Kile kilichofichwa sandukuni mwaka mzima ndicho wanachokipata.

Pembe za mbuzi na kondoo zinafaa kwa visu vidogo. Watu wa Kagera wenye ng'ombe wa Ankole wana bahati, kwa kuwa pembe moja ya ng'ombe huyo inatosha mipini mingi.

USICHUKUE PEMBE YA MZOGA

Hapa, ndugu msomaji, soma polepole.

Usichukue kamwe pembe, mfupa wala ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe bila kujulikana sababu. Huenda amekufa kwa kimeta. Ugonjwa huu huua ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini, nao huua watu.

Mnyama wa kimeta mara nyingi hufa ghafla. Jioni alikuwa mzima, asubuhi amekufa. Tumbo huvimba upesi. Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Lakini si lazima uone dalili hizi zote.

Viini vya kimeta hujifunika kwa ganda gumu na kukaa katika udongo, ngozi, pembe na mifupa kwa miaka mingi. Jua haliviui. Kukauka hakuviui. Kuchemsha katika sufuria nyumbani si kinga ya kutegemea. Sasa fikiri fundi anayekata pembe hiyo kwa msumeno na kuisugua kwa msasa. Vumbi linaingia katika mikwaruzo ya vidole. Linaingia puani na kifuani. Kwenye ngozi huanza kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye katikati nyeusi ambacho mara nyingi hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, mtu hukidharau. Kikiingia kifuani, mtu anaweza kufa katika siku chache.

Ukiona mzoga wa namna hiyo usiupasue, usiuchune, usile nyama yake. Zuia mbwa na watoto. Mwite afisa mifugo upesi. Mzoga huchomwa moto au huzikwa shimo refu. Na mtu mwenye kidonda cheusi aende hospitali mara moja aeleze kuwa amegusa mzoga. Dawa ipo, na husaidia zaidi ikianza mapema.

Pembe salama hutoka kwenye machinjio, kwa mnyama aliyepimwa na mkaguzi wa nyama. Mwombe mchinjaji akuwekee. Mara nyingi pembe hutupwa. Nimeona nyuma ya machinjio moja rundo la pembe linalofika kiunoni, na mhunzi wa kijiji hicho hicho anaweka magunzi kwenye visu vyake.

MFUPA, NA KAZI YAKE SHAMBANI

Mfupa mzuri ni ule wa mguu wa ng'ombe, kati ya goti na kwato. Umenyooka na ganda lake ni nene. Kata ncha zote mbili, toa uboho, kwangua nyama. Chemsha kwa moto mdogo kwa saa 2 hivi. Usichemshe siku nzima, utakuwa mwepesi kuvunjika. Kisha uloweke katika maji ya sabuni kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku. Mafuta yakibaki ndani, mpini utageuka njano na kunuka. Anika kivulini.

Unapokata mfupa ulowanishe, ili vumbi lisiruke. Funika pua. Mfupa haupendi nyundo. Toboa tundu kwa keekee, usipige msumari ukidhani utapita.

Iko kazi moja ya mfupa ambayo mkulima wa machungwa ataifurahia. Watu wa Muheza na kwingineko hubebesha miche ya michungwa. Unapasua ganda la mche kwa chale yenye umbo la herufi T. Kisha unafungua ganda hilo polepole ili uingize jicho la mchungwa mzuri. Wengi hufungua kwa ncha ya kisu. Ncha huchana ile sehemu teke iliyo chini ya ganda, na jicho linakufa. Visu vya kubebeshea vilivyotengenezwa na mafundi wa zamani huko Ulaya vilikuwa na ulimi mdogo wa mfupa au wa pembe za ndovu nyuma ya mpini. Ulimi huo hauna makali. Unapita chini ya ganda, unaliinua, hauchani kitu.

Wewe unaweza kuutengeneza kwa mfupa wa ng'ombe. Kata kipande cha upana wa ukucha wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 4. Kifanye chembamba nchani kama ukucha, ukizungushe, ukilainishe mpaka kisikwaruze ulimi wako. Kichomeke nyuma ya mpini wa kisu, au ukitumie peke yake. Kioshe kabla ya kwenda mche mwingine.

KUFUNGA MPINI

Kisu kina sehemu ya chuma inayoingia katika mpini. Watu wengi huiita msuka. Ukiwa mwembamba kama msumari, toboa mpini katikati, tundu liwe dogo kuliko msuka. Zungushia kitambaa chenye maji kwenye makali, acha msuka peke yake nje. Pasha msuka mpaka uwe mwekundu, kisha usukume tundu kidogo kidogo. Utajichomea nafasi yake. Kitambaa kile ni muhimu. Makali yakipata moto huo, chuma kitalainika na kisu hakitashika makali tena. Namna hii ni ya mti tu. Pembe na mfupa vitoboe na utumie gundi kali ya kuchanganya.

Msuka ukiwa mpana, weka vibao viwili, kimoja kila upande, ufunge kwa pini mbili au tatu. Chukua msumari, upashe mpaka uwe mwekundu, uufukie katika majivu mpaka upoe. Utakuwa laini. Kata, pitisha, acha milimita 1 au 2 kila upande, kisha gonga pole pole mpaka kichwa kijitandaze.

Mpini uwe mrefu kidogo kuliko upana wa kiganja chako. Usiufanye mviringo kama fimbo, maana utazunguka mkononi. Uwe na umbo la yai, ili hata gizani ujue makali yako upande gani. Mafundi wa visu vya jikoni husahau jambo hili, na anayeumia ni mama anayekata mchicha jioni kwenye mwanga wa koroboi.

Kisu cha kukunja kina sheria zake. Mpini uwe mrefu kuliko makali, ili ncha ilale yote ndani. Makali ya sentimita 8 yanataka mpini wa sentimita 10 au 11. Ukitumia pembe, weka kibao chembamba cha shaba au bati nene upande wa ndani. Pembe hutanuka na kusinyaa kwa majira, na bila chuma hicho pini italegea upesi. Kisu kisicho na springi wala kufuli usikitumie kwa kuchoma wala kusukuma ncha. Kitumie kwa kukata kwa kuvuta tu.

Mpini uliopasuka unaweza kuokolewa kwa ngozi mbichi. Wamasai hufunika mpini wa sime kwa ngozi. Kata utepe wa ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, uzungushe kwa kukaza, shona, acha ukauke. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe kuliko mkono wako ulivyoweza.

MAFUTA

Mti unataka mafuta yanayokauka. Mafuta ya nazi hayakauki, yatafanya mpini uteleze. Ya alizeti hukauka polepole. Yaliyo bora ni mafuta ya kitani, yanayouzwa kwenye maduka ya rangi. Paka kidogo, ngoja nusu saa, futa yaliyobaki, acha siku mbili, paka tena. Fanya mara 3. Mara moja kwa mwaka inatosha baadaye. Pembe na mfupa vitake nta ya nyuki kidogo tu.

Wakati wa masika kisu cha kukunja chenye mpini wa mti hugoma kufunguka. Mti umekunywa maji, umetanuka, umebana makali. Usikifungue kwa meno, wala usikipige kwa jiwe. Kiache ndani penye joto siku moja au mbili. Kikifunguka, sugua ndani ya ufa kwa kipande cha msasa kilichokunjwa, kisha tia mafuta ya kitani na ukiache wazi mpaka kikauke.

Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni mwa nyumba. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Vitandaze nje juu ya jiwe mpaka vikakamae, kisha vichome au uvifukie.